Hans Selye: Daktari aliyeusoma msongo katika tezi, akawaachia wengine fumbo la ubongo

NENO msongo limekuwa la kila siku. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi mia moja hulitumia, mfanyabiashara anayedaiwa na benki hulitumia, na daktari naye hulitaja anapompima mgonjwa shinikizo la damu. Waswahili hawakulikopa kutoka kwa wageni, bali walilichukua katika kitenzi chao cha kusonga, yaani kubana na kukandamiza. Hata hivyo, wazo lenyewe kwamba dhiki humbana mtu hadi ndani ya damu na tezi zake lina mwanzo unaojulikana. Lilianzia katika maabara moja ya mji wa Montreal nchini Canada, miongoni mwa panya, na aliyelianzisha alikuwa daktari kijana kutoka Ulaya ya Kati aliyeitwa Hans Selye.

Selye alifariki dunia mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 75. Aliacha vitabu zaidi ya thelathini na makala za kitaalamu zinazohesabiwa kuwa zaidi ya elfu moja na mia tano. Aliacha pia swali ambalo wanasayansi wameendelea kulihangaikia: iwapo mwili una kengele ya kutangaza hatari, ni kitu gani ndani ya mwili huohuo kinachoinyamazisha? Utafutaji wa jibu uliwafikisha wengine kwenye kemikali ndogo za ubongo, ikiwamo moja iliyotolewa katika damu ya sungura waliolala. Sehemu nyingine ya urithi wake ilijulikana kwa upana miaka mingi baada ya kifo chake, nayo inahusu fedha za kampuni za sigara.

Mtoto wa daktari wa jeshi

Selye alizaliwa Vienna tarehe 26 Januari, 1907, wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya milki ya Austria na Hungaria. Baba yake, Hugo Selye, alikuwa Mhungaria na daktari wa upasuaji jeshini. Mama yake alikuwa Mwaustria. Kwa Kihungaria kijana huyo aliitwa Selye János, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Komárom, mji ulio kando ya mto Danube.

Nyumbani kwao lugha zilikuwa nyingi. Kijerumani alikipata kwa mama, Kihungaria kwa baba, na lugha nyingine akafundishwa na walezi. Jambo hilo lilimfaa sana baadaye, kwa kuwa aliweza kuhutubia wasomi wa nchi mbalimbali bila mkalimani.

Mwaka 1918 Vita ya Kwanza ya Dunia ilikwisha na milki hiyo ikavunjika. Mpaka mpya ulipita katikati ya mji, na upande wa kaskazini ukawa sehemu ya Czechoslovakia. Familia nyingi zilizokuwa na hadhi chini ya utawala wa zamani ziliamka zikiwa raia wa nchi nyingine. Kijana Selye, aliyekuwa na umri wa miaka 11, aliona mapema namna watu wanavyoweza kupoteza walichonacho bila kosa lao.

Swali la mwanafunzi

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Prague kusomea udaktari akiwa bado na umri wa miaka 17. Huko ndiko lilikotokea tukio ambalo yeye mwenyewe alilisimulia mara nyingi katika maisha yake.

Profesa aliwaleta wagonjwa kadhaa mbele ya wanafunzi ili kuwaonyesha dalili zinazotofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Wanafunzi walitakiwa kuzingatia alama chache za pekee, kwani hizo ndizo zilizomwezesha daktari kuutambua ugonjwa. Selye aliona jambo lingine. Wagonjwa wote, ingawa maradhi yao yalikuwa tofauti, walifanana. Walikuwa wamedhoofika, hawakuwa na hamu ya chakula, viungo viliwauma, na nyuso zao zilionyesha kuwa ni watu wanaoumwa. Akajiuliza kwa nini madaktari wanajifunza yale yanayowatenganisha wagonjwa, ilhali hakuna anayejishughulisha na yale yanayowaunganisha.

Swali hilo lilionekana la kitoto. Kila mtu alijua kuwa mgonjwa huonekana mgonjwa. Selye aliliweka kando, akamaliza shahada ya udaktari mwaka 1929, na miaka miwili baadaye akapata shahada ya uzamivu katika kemia. Mwaka 1931 alivuka bahari kwa ufadhili wa taasisi ya Rockefeller, akafika katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani. Muda mfupi baadaye alihamia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, kufanya kazi chini ya James Collip, mmoja wa wanasayansi walioshiriki kuisafisha insulini hadi ikafaa kutumiwa kwa wagonjwa wa kisukari.

Panya na kushindwa kuliko na faida

Enzi hizo wataalamu wengi walikuwa wakishindana kutafuta homoni mpya. Selye alipewa kazi ya kutafuta homoni katika ovari za ng'ombe. Alitengeneza majimaji kutoka katika ovari hizo, akawadunga panya, kisha akawapasua ili kuona kilichobadilika.

Aliona mambo matatu. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zilikuwa zimevimba. Tezi ya thaimasi iliyo kifuani, pamoja na viungo vingine vya kinga ya mwili, zilikuwa zimesinyaa. Tumbo na utumbo wa mwanzo vilikuwa na vidonda vinavyotoka damu. Hakuna homoni iliyojulikana wakati huo ambayo ingeweza kuleta mabadiliko hayo kwa pamoja. Kijana huyo, ambaye hakuwa amefikisha miaka 30, aliamini kuwa ameivumbua homoni mpya.

Furaha hiyo haikudumu. Alipowadunga panya majimaji ya kondo la nyuma, matokeo yalikuwa yaleyale. Akajaribu ya figo na ya wengu, hakukuwa na tofauti. Jambo lililomkatisha tamaa zaidi ni kwamba kadiri majimaji hayo yalivyokuwa machafu, ndivyo yalivyofanya kazi kwa nguvu. Hatimaye alichukua fomalini, dawa kali inayotumika kuhifadhi maiti na vipande vya mwili, akawadunga panya. Mabadiliko yale matatu yakatokea kwa ukali kuliko wakati wowote.

Ilikuwa dhahiri sasa kwamba hakuna homoni mpya. Kazi ya miezi mingi ilionekana kuwa imepotea. Katika siku hizo za huzuni ndipo alipolikumbuka swali lake la Prague. Huenda panya hawa walikuwa wakionyesha kile alichokiona kwa wagonjwa wa profesa wake, yaani namna moja ambayo mwili hujibu madhara ya aina yoyote.

Akaacha kutafuta homoni na kuanza kuwatesa panya kwa njia mbalimbali. Aliwaweka kwenye baridi kali, akawachosha kwa mazoezi, akawajeruhi, akawapa sumu kwa kiasi kisichoua papo hapo. Kila mara jibu lilikuwa lilelile. Tarehe 4 Julai, 1936 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha barua yake fupi isiyozidi ukurasa mmoja. Humo alieleza kuwa mwili una utaratibu wa jumla wa kukabiliana na madhara, na kwamba utaratibu huo hupita katika hatua tatu.

Hatua tatu za mwili unaobanwa

Hatua ya kwanza ni ya tahadhari. Mwili hushtuka, tezi za adrenali hutoa homoni zake, na akiba ya nguvu hutolewa itumike. Hatua ya pili ni ya kustahimili. Mnyama anayeendelea kuishi katika baridi au taabu nyingine huonekana kana kwamba ameizoea, na tezi zake hurudi karibu na hali ya kawaida. Hatua ya tatu ni ya kuchoka. Iwapo taabu haikomi, uwezo wa kustahimili huisha, dalili za mwanzo hurudi, na mnyama hufa.

Katika hatua hizo kulikuwamo fundisho lililowashangaza madaktari wa wakati ule. Homoni zinazomwokoa mtu katika hatari ya muda mfupi ndizo zinazoweza kumdhuru hatari hiyo ikigeuka kuwa maisha ya kila siku. Selye aliyaita maradhi yanayotokana na hali hiyo magonjwa ya kujirekebisha, akiyahusisha na shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na baadhi ya maradhi ya viungo.

Si yote aliyodai yaliyothibitika. Mathalani, baadaye ilikuja kujulikana kuwa vidonda vingi vya tumbo huchangiwa na bakteria, jambo lililowapatia wagunduzi wake Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Hata hivyo, msingi wa hoja yake ulibaki. Mwili unaobanwa hubadilika kikemia, na mabadiliko hayo yanaweza kupimwa.

Alichagua neno la Kiingereza lililotumiwa na wahandisi kueleza nguvu inayobana chuma au daraja. Baadaye alikiri kuwa hakulichagua vizuri, kwa kuwa wahandisi hutumia neno hilo kwa nguvu inayobana, na neno jingine kwa kile kinachotokea ndani ya chuma kilichobanwa. Lakini lilikuwa limeshaenea. Wafaransa na Wajerumani walilichukua kama lilivyo.

Homoni zilizowalaza panya

Mwaka 1941 Selye alichapisha ugunduzi mwingine ambao haukupata umaarufu wa ule wa kwanza, ingawa unagusa jambo lililokuja kuwa kubwa. Alipowadunga panya kiasi kikubwa cha baadhi ya homoni za jamii ya steroidi, ikiwamo projesteroni, panya walilala usingizi mzito kama waliopewa nusukaputi. Baada ya muda waliamka.

Hii ilikuwa na maana kwamba jamii hiyohiyo ya kemikali ambayo mwili huitumia katika dhiki ina wanachama wanaoweza kuutuliza ubongo. Kutokana na njia hiyo, miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza walipata dawa ya nusukaputi ya jamii ya steroidi. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya jamii hiyo kwa ajili ya wanawake wanaopata sonona baada ya kujifungua. Selye mwenyewe hakuifuata njia hiyo hadi mwisho. Macho yake yalikuwa kwenye adrenali, na ndiye aliyetunga majina ambayo madaktari wameendelea kuyatumia kwa makundi mawili makubwa ya homoni za tezi hiyo, glukokotikoidi na mineralokotikoidi.

Mwaka 1945 alihama McGill na kwenda Chuo Kikuu cha Montreal, kinachofundisha kwa Kifaransa, ambako alipewa taasisi yake mwenyewe ya tiba na upasuaji wa majaribio. Aliiongoza hadi mwaka 1976. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya mapambazuko na kufanya kazi kwa saa nyingi, na maktaba yake ya maandishi kuhusu msongo ilipita makala laki moja. Kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu msongo wa maisha kilisomwa na watu wasio wataalamu katika nchi nyingi, na kingine cha mwaka 1974 kiliwafundisha wasomaji kutofautisha msongo unaojenga na ule unaobomoa. Mwaka 1968 Canada ilimpa nishani yake ya juu. Jina lake lilipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel, lakini hakuipata.

Mwanafunzi aliyeufuata ubongo

Mwaka 1948 daktari kijana Mfaransa, Roger Guillemin, alimsikia Selye akihutubia mjini Paris, akavutiwa, akamfuata Montreal. Alipata shahada ya uzamivu huko mwaka 1953, kisha akaenda Texas nchini Marekani. Aliondoka na swali ambalo mwalimu wake hakuwa amelijibu.

Ilikuwa imejulikana kuwa adrenali huamrishwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Lakini pituitari nayo huamrishwa na nani? Mwingereza Geoffrey Harris alikuwa ameonyesha kuwa amri hutoka katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na hupelekwa kwa njia ya damu. Kilichobaki ni kuipata kemikali yenyewe inayobeba amri hiyo.

Guillemin alikusanya bongo za kondoo kwa maelfu kutoka machinjioni. Mshindani wake, Andrew Schally, alitumia za nguruwe. Mwaka 1969 makundi yao yalitambua muundo wa kemikali ya kwanza ya aina hiyo, ile inayohusika na tezi ya shingo. Ilikuwa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vitu vilevile vinavyojenga protini. Mnyororo huo ulikuwa na asidi amino tatu tu. Mwaka 1977 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow, aliyebuni njia ya kupima viasi vidogo mno vya homoni katika damu.

Peptidi ya msongo yenyewe, inayoiamuru pituitari kuanzisha safari yote aliyoieleza Selye, ilichelewa. Ilitangazwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake huko California, ikiwa na asidi amino 41. Selye alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa kuishi.

Wakati huohuo nadharia yake ilikuwa ikipata marekebisho kutoka upande mwingine. Mtafiti wa Kimarekani John Mason aliwanyima nyani chakula, akawapa vidonge visivyo na lishe ili wasihisi kuwa wametengwa wakati wenzao wanakula. Nyani hao walikuwa na njaa mwilini, lakini homoni zao za msongo hazikupanda kama ilivyotarajiwa. Mason alihitimisha kuwa mara nyingi kinachoamsha adrenali si madhara yenyewe, bali ni ubongo unapotambua tishio. Hapo ndipo lilipokuwa pengo katika kazi ya Selye. Alikuwa ameusoma msongo kwa umakini mkubwa kuanzia shingoni kwenda chini.

Peptidi ya sungura waliolala

Katika miaka hiyohiyo, mjini Basel nchini Uswisi, Marcel Monnier na Guido Schoenenberger walikuwa wakifuata jambo lililoonekana kuwa mbali na msongo. Waliwalaza sungura kwa kuchochea sehemu fulani ya ubongo kwa umeme hafifu, kisha wakachuja damu iliyotoka katika ubongo huo na kuwapa sungura wengine. Waliopewa walionyesha mawimbi ya polepole ya ubongo, yale yanayoitwa delta, ambayo ni alama ya usingizi mzito. Mwaka 1977 walitangaza muundo wa peptidi waliyoipata. Ilikuwa na asidi amino tisa, na waliiita peptidi inayoleta usingizi wa delta.

Matumaini yalikuwa makubwa kuwa dawa ya usingizi ya mwili wenyewe imepatikana. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana. Baadhi yalionyesha usingizi ukiongezeka kidogo, mengine hayakuonyesha kitu. Lakini watafiti, hasa wa Muungano wa Kisovieti na baadaye wa Urusi, waligundua kuwa peptidi hiyo ilionekana kufanya jambo jingine. Panya walioipata kabla ya kuwekwa katika dhiki walistahimili zaidi.

Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, panya waliwekwa katika hali ya kukosa oksijeni ya kutosha. Kwa kawaida hali hiyo hudhoofisha mitokondria, viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli za ubongo. Pia huvuruga kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi aina ya A, ambacho kazi yake ni kuvunja serotonini na kemikali nyingine ambazo seli za neva hutumia kupashana habari. Kimeng'enya hicho kikizidi au kikipungua kazi, mizani ya kemikali hizo huharibika. Kwa panya waliokuwa wamepewa peptidi ya usingizi, upumuaji wa mitokondria haukuporomoka, na mabadiliko ya kimeng'enya na ya serotonini yalizuiliwa.

Kwa maneno mengine, kemikali iliyotafutwa kwa ajili ya usingizi ilionekana kuukinga ubongo wakati wa msongo, kwa kuvifanya vimeng'enya vyake visitoke katika mstari. Njia ya majaribio hayo ilikuwa ileile ya Selye ya miaka ya 1930: kumbana panya kwa dhiki inayopimika, kisha kuangalia ndani kilichobadilika. Tofauti ni kwamba sasa kilichoangaliwa hakikuwa adrenali bali ubongo.

Fumbo halijafumbuliwa lote. Jeni inayotengeneza peptidi hiyo haijapatikana, jambo linalowafanya baadhi ya wataalamu kuhoji kama kweli mwili huitengeneza kwa umbo lile lililoelezwa Basel. Matokeo mengi ni ya wanyama, na peptidi hiyo haikupata nafasi miongoni mwa dawa za kawaida za usingizi hospitalini. Anayeuziwa kwa ahadi ya kuondolewa msongo ananunua kitu ambacho sayansi bado inabishana nacho.

Fedha za tumbaku

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Selye aliposifiwa dunia nzima, taasisi yake ilihitaji fedha nyingi, na kampuni za sigara zilihitaji mwanasayansi mwenye jina.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mawasiliano kati yake na wawakilishi wa viwanda vya tumbaku vya Marekani yalikuwa yameanza. Mwishoni mwa muongo uliofuata baraza la utafiti la viwanda hivyo lilikubali kumpa dola 50,000 kila mwaka kwa miaka mitatu. Mwaka 1969 alifika mbele ya kamati ya afya ya Bunge la Canada, iliyokuwa ikijadili udhibiti wa matangazo ya sigara. Hoja yake ilikuwa kwamba kuvuta sigara kunaweza kuwasaidia baadhi ya watu kupunguza msongo, na kwamba kuwanyima kitulizo hicho kunaweza kuwadhuru. Kamati haikuelezwa kuhusu fedha hizo.

Ukweli ulifahamika baada ya kesi kubwa dhidi ya kampuni za tumbaku za Marekani, ambazo mwaka 1998 zilimalizika kwa makubaliano yaliyolazimisha nyaraka za siri kufunguliwa. Miongoni mwa nyaraka hizo zilikuwamo barua kati ya mawakili wa viwanda na Selye. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Uingereza, Mark Petticrew na Kelley Lee, walichapisha uchambuzi unaoonyesha jinsi mawakili hao walivyochangia kuelekeza yale ambayo angeyasema hadharani. Kwa viwanda faida ilikuwa dhahiri. Ikiwa moyo wa mtu umeharibiwa na msongo, sigara ilipata mahali pa kujificha.

Huo ni upande mzito wa urithi wake, na hauwezi kufunikwa na sifa. Wananchi waliosikia neno lake kuhusu sigara walikuwa na haki ya kujua nani alikuwa akilipia maabara yake. Wakati huohuo, fedha hizo hazibadilishi kilichoonekana kwa panya mwaka 1936, miongo miwili kabla ya barua ya kwanza. Msomaji wa leo analazimika kuyashika yote mawili: ugunduzi uliothibitishwa na wengine wasio na deni kwake, na ushauri uliotolewa na mtu mwenye deni.

Miaka ya mwisho

Maisha hayakumwepushia Selye mwenyewe kile alichokisoma. Mwaka 1956, wakati wa machafuko ya Hungaria, mama yake aliuawa kwa risasi. Uzeeni alipata aina adimu ya saratani, akafanyiwa upasuaji na matibabu ya mionzi, na akaishi zaidi ya matarajio ya madaktari. Alieleza kuwa aliamua kuendelea na kazi kana kwamba hana ugonjwa.

Baada ya kustaafu alianzisha taasisi ya kimataifa ya msongo mjini Montreal, akawa akizunguka kutoa mihadhara. Fundisho lake la mwisho lilikuwa la maadili zaidi kuliko tiba. Alihimiza kila mtu kulifahamu kusudi lake mwenyewe la kuishi, na kujiwekea akiba ya shukrani za majirani kwa kuwafaa, kwa kuwa akiba hiyo haiibiwi wala haishuki thamani. Alifariki dunia Montreal tarehe 16 Oktoba, 1982.

Mwaka 2004 chuo kikuu kinachofundisha kwa Kihungaria kilifunguliwa Komárno, upande wa Slovakia wa mji ule wa utotoni mwake, na kikapewa jina lake. Guillemin, mwanafunzi aliyeliendeleza swali lake hadi ndani ya ubongo, aliishi hadi mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 100.

Kijana wa Prague aliuliza kwa nini wagonjwa wote wanafanana, na akapata nusu ya jibu katika tezi zilizovimba za panya. Nusu nyingine, inayohusu ubongo, peptidi zake na vimeng'enya vinavyoyumba mtu anapobanwa na kutulia anapolala, bado inatafutwa. Wanaoitafuta wanaendelea kutumia maswali yake. Wamejifunza pia kutokana na kosa lake, kwani siku hizi majarida makubwa ya tiba humtaka kila mtafiti aandike wazi, chini ya makala yake, ni nani aliyemlipa.